Amplifaya ya Valvu: Bei ya Kununua na Gharama ya Kumiliki

Utangulizi

Wapo walaji wanaotumia akiba ya miaka mingi kununua amplifaya ya valvu, yaani chombo cha kukuza sauti ambacho ndani yake mna chupa za kioo zinazotoa mwanga mwekundu, badala ya transista ndogo zilizofichika. Wengine huinunua ili wasikilize santuri za zamani, wengine kwa ajili ya gitaa la bendi au la kanisani, na wengine huirithi kutoka kwa wazazi wao. Chombo cha namna hii kikitunzwa vizuri chaweza kudumu miaka 40 au zaidi. Kisipotunzwa, chaweza kuharibika siku ya kwanza kinapochomekwa ukutani, au kumdhuru mtu.

Somo hili halikusudii kumshawishi mlaji anunue amplifaya ya valvu, wala halikusudii kumkataza. Uzuri wa sauti ni suala la masikio na mapenzi ya mtu, na kwa vipimo vya maabara amplifaya nyingi za transista za bei ya kati hukuza sauti kwa usahihi zaidi. Tunachotaka kueleza ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye kibandiko cha duka ni sehemu tu ya gharama. Anayenunua amplifaya ya valvu hununua pia wajibu wa kuitunza kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei yake, inafaa kuuliza ni nani atakayeitengeneza na kwa vipuri vipi.

Baada ya kusoma somo hili, tunatarajia kuwa utaweza:

1. kueleza sehemu zipi za amplifaya ya valvu huchakaa, na zipi hudumu;
2. kuuliza maswali manne ya lazima kabla ya kulipa;
3. kukadiria gharama ya umiliki kwa miaka 10;
4. kutambua hatari zinazohitaji kifaa kizimwe mara moja;
5. kutunza ushahidi utakaokusaidia kudai haki yako.

Valvu ni nini, na kwa nini huchakaa

Mnamo mwaka 1904, mhandisi Mwingereza John Ambrose Fleming alisajili hataza ya valvu yenye nguzo mbili za umeme. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest aliongeza nguzo ya tatu, na kwa nyongeza hiyo valvu ikaweza kukuza mawimbi dhaifu ya sauti. Kwa miongo kadhaa redio, gramafoni za umeme na mitambo ya utangazaji vilitegemea valvu. Transista ilipovumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, hatua kwa hatua ilichukua nafasi ya valvu katika vifaa vingi, kwa sababu ni ndogo, hula umeme kidogo na haihitaji kupashwa moto. Katika amplifaya za magitaa na vyombo vya muziki vya daraja la juu, hata hivyo, valvu imebaki hadi leo.

Ndani ya chupa iliyoondolewa hewa kuna sehemu inayopashwa moto, iitwayo kathodi, ambayo hupakwa madini maalumu. Ikishapata moto, kathodi hutoa elektroni, na elektroni hizo huvutwa na bamba la chuma liitwalo anodi, lenye volti nyingi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna wavu mwembamba uitwao gridi. Mawimbi dhaifu ya sauti yakiingia kwenye gridi, hudhibiti mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi, na hivyo sauti hukuzwa.

Kwa kuwa madini ya kathodi hupungua kadiri valvu inavyotumika, kila valvu ina mwisho wake, kama ilivyo kwa balbu ya taa. Kwa makadirio ya kawaida, valvu kubwa zinazosukuma spika hudumu kati ya saa 2,000 na 5,000 za matumizi. Valvu ndogo zinazopokea sauti mwanzoni hudumu muda mrefu zaidi, na si ajabu zikafikia saa 10,000.

Sehemu nyingine inayozeeka ni kapasita za elektroliti, ambazo huhifadhi na kusawazisha umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka polepole hata kifaa kikikaa kabatini bila kutumika. Joto huharakisha ukaukaji huo, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa takriban nusu. Amplifaya ya valvu yenyewe hutoa joto kali, na katika miji ya pwani hewa huwa ya joto karibu mwaka mzima. Mlaji wa Tanga au wa Unguja ana sababu ya ziada ya kuzingatia jambo hili.

Kwa upande mwingine, transfoma nzuri, kasha la chuma na soketi imara zaweza kudumu kuliko mmiliki wa kwanza. Thamani kubwa ya amplifaya ya zamani imo katika transfoma zake. Zikiungua, mara nyingi gharama ya kuzisuka upya hukaribia bei ya kifaa kizima.

Maswali manne kabla ya kulipa

Swali la kwanza: Kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa nchi gani?

Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya volti 120. Kifaa cha volti 100 kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230, fyuzi ikichelewa kukatika, transfoma, kapasita na valvu zaweza kuungua kwa muda mfupi sana.

Usitegemee umbo la plagi, kwa kuwa plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Soma kibao kilichobandikwa nyuma ya kifaa. Kama kina swichi ya kuchagua volti, hakikisha imewekwa kwenye 220, 230 au 240. Kama kimeandikwa volti 100 au 120 pekee, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zinazotumiwa na kifaa, na bei yake lazima iingie katika hesabu yako.

Transfoma hiyo hubadilisha volti lakini haibadilishi mizunguko. Hili lina maana kubwa kwa wapenzi wa santuri. Baadhi ya mashine za santuri hutumia mota inayofuata mizunguko ya umeme. Mashine ya namna hiyo iliyoundwa kwa mizunguko 60 ya Marekani ikitumika hapa, sahani itazunguka polepole kwa takriban asilimia 17, na sauti ya mwimbaji itashuka na kuwa nzito. Mwenye sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, anapaswa pia kuuliza kama mashine ina mwendo huo na sindano yake. Mifereji ya sahani hizo ni mipana, na sindano ya kawaida ya sahani za miaka ya karibuni haiifai.

Swali la pili: Valvu zake bado zinatengenezwa?

Siku hizi valvu nyingi mpya za sauti hutoka Urusi, China na Slovakia. Aina zinazotumika sana, kama EL34, EL84, 6L6 na KT88 kwa valvu kubwa, na 12AX7 kwa valvu ndogo, bado zinatengenezwa. Baadhi ya aina hizi zina majina mawili, moja la Ulaya na moja la Marekani. ECC83 ni sawa na 12AX7, na EL84 ni sawa na 6BQ5. Mlaji asiyejua hili anaweza kuambiwa kwamba valvu yake ni adimu na kulipishwa zaidi, ilhali iko rafuni kwa jina lake la pili.

Amplifaya inayotumia aina zisizotengenezwa tena humfunga mmiliki kwenye soko la akiba za zamani. Soko hilo lina udanganyifu unaojulikana duniani kote: maandishi ya zamani hufutwa, na jina la kiwanda maarufu hupigwa chapa juu ya valvu ya kawaida. Maandishi kwenye kioo peke yake si ushahidi. Dai valvu ipimwe kwa mashine mbele yako, na matokeo yaandikwe.

Hata valvu za kisasa haziko salama dhidi ya misukosuko ya soko. Mnamo Machi 2022, Urusi ilipoweka vizuizi vya kuuza nje baadhi ya bidhaa zake, wauzaji wakubwa wa Marekani walisimamisha kwa muda kupokea oda za valvu za Kirusi, na bei zikapanda. Tunashauri mmiliki awe na seti moja ya akiba nyumbani, bila kulimbikiza.

Swali la tatu: Nani ataitengeneza?

Mafundi wengi wa leo wamejifunza kazi kwa vifaa vya transista na simu. Fundi hodari wa simu si lazima awe fundi wa valvu, kwa sababu volti zilizomo ndani ya vifaa hivi viwili hazikaribiani hata kidogo. Kabla ya kununua, mtafute fundi na umuulize: Umewahi kutengeneza amplifaya ya valvu? Una mita inayopima volti 500 au zaidi? Unaweza kurekebisha bayasi, yaani mkondo unaopita ndani ya valvu hata pasipo na muziki? Katika amplifaya nyingi mkondo huo lazima urekebishwe kila valvu kubwa zinapobadilishwa, ingawa zipo zinazojirekebisha zenyewe.

Iwapo fundi wa karibu yuko mkoa mwingine, kumbuka kwamba amplifaya ya valvu yaweza kuwa na uzito wa kilo 20 au zaidi, na kwamba kuisafirisha kwa basi huku valvu zikiwa zimechomekwa ni kuzihatarisha. Ikiwa hujampata fundi yeyote unayeweza kumfikia, ushauri wetu ni kwamba usinunue.

Swali la nne: Inafaa spika ulizonazo?

Amplifaya nyingi za valvu zina nguvu ndogo, na baadhi hutoa wati 8 au 10 tu. Hilo peke yake si kasoro. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 pekee, kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halikioni kuwa kikubwa. Jambo lenye uzito zaidi ni wepesi wa spika. Kwa wati moja na umbali wa mita moja, spika moja hutoa desibeli 84 na nyingine 94. Ili ya kwanza ifikie sauti ya pili, huhitaji nguvu mara 10. Mnunuzi anayeunganisha amplifaya ya wati 10 na spika nzito hujikuta ananunua tena, mara hii spika.

Angalia pia namba za omu. Nyuma ya amplifaya kuna matundu yaliyoandikwa omu 4, 8 au 16. Waya za spika ziunganishwe kwenye tundu linalolingana na namba ya spika.

Hesabu ya miaka kumi

Tutumie mfano wa kubuni. Mstaafu mmoja anataka kutumia sehemu ya mafao yake kununua amplifaya iliyotumika kutoka Japani kwa Sh 2,000,000. Ina valvu kubwa 4 na ndogo 3, na hutumia wati 250. Anakusudia kuisikiliza saa 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 900 kwa mwaka na saa 9,000 kwa miaka 10. Bei zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu. Kila mlaji aweke bei halisi za sokoni siku anayonunua.

1. Transfoma ya kupunguza umeme: Sh 240,000.
2. Seti 3 za valvu kubwa, kila moja Sh 400,000, kwa kukadiria saa 3,000 kwa seti: Sh 1,200,000. Seti ya kwanza hununuliwa mapema, kwa sababu umri wa zilizomo haujulikani.
3. Valvu ndogo 3, mara moja, kila moja Sh 70,000: Sh 210,000.
4. Kubadilisha kapasita mara moja, vipuri na ufundi: Sh 350,000.
5. Ukaguzi wa fundi mara moja kwa mwaka, Sh 40,000 kwa miaka 10: Sh 400,000.

Jumla ni Sh 2,400,000, yaani utunzaji umezidi bei ya kununua. Gharama hiyo ikigawanywa kwa miezi 120, ni Sh 20,000 kwa mwezi. Umeme haumo katika jumla hiyo. Wati 250 kwa saa 900 ni yuniti 225 kwa mwaka, nawe utazidisha kwa bei ya yuniti unayolipa kwenye luku yako.

Hesabu hii haimwambii mstaafu wetu asinunue. Inamwambia kwamba mwenye Sh 2,000,000 kamili mkononi hana fedha za kununua amplifaya ya Sh 2,000,000. Anaweza kununua ya Sh 1,200,000 na kuitunza ipasavyo, akafaidi zaidi kuliko jirani yake aliyenunua ya bei kubwa, ikaharibika mwaka wa pili, na sasa hufunikwa kwa kitambaa sebuleni. Wahenga walisema kitunze kidumu, nasi tunaongeza kwamba fedha za kutunza zitengwe tangu siku ya kununua.

Utunzaji wa kila siku

Weka amplifaya mahali pa wazi, mbali na pazia, na juu yake usiweke kitambaa, chombo cha maua wala redio nyingine. Fuata nafasi iliyoelekezwa na mtengenezaji. Kama huna kitabu cha maelekezo, acha angalau shubiri moja kila upande na zaidi kwa juu. Kioo cha valvu kubwa chaweza kuzidi nyuzi 200 za Selsiasi. Penye watoto wadogo, kizuizi cha wavu wa chuma kinachokuja na kifaa kisiondolewe kwa ajili ya urembo.

Usiwashe amplifaya ya valvu kabla ya kuunganisha spika. Katika amplifaya nyingi za transista kosa hilo halina madhara, lakini katika amplifaya ya valvu laweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, ambayo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote.

Umeme ukikatika, zima swichi na chomoa plagi. Ukirudi, subiri utulie kabla ya kuwasha. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza ya uwezo wa kutosha ni sehemu ya kifaa, si anasa, kwa kuwa volti zikizidi kwa muda mrefu hufupisha umri wa valvu.

Kwa wakazi wa pwani, chumvi iliyomo hewani huliza kutu kwenye pini za valvu na soketi zake, na dalili yake ni sauti ya kukwaruza inayokuja na kutoweka. Usafishaji wa pini uwe sehemu ya ukaguzi wa kila mwaka. Mwombe fundi aangalie pia mende na mijusi, ambao hupenda kujificha ndani ya kasha lenye vuguvugu.

Usisahau spika. Ukingo wa sponji unaoshikilia koni ya spika nyingi za zamani hugeuka unga baada ya miaka 10 hadi 20. Mara nyingi ukingo peke yake hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kutupa spika nzima kwa sababu ya ukingo ni hasara isiyo ya lazima.

Hatari zinazohitaji hatua ya haraka

Ndani ya amplifaya ya valvu kwa kawaida mna volti 300 hadi 500. Kapasita zaweza kuendelea kuhifadhi umeme huo baada ya plagi kuchomolewa, wakati mwingine kwa muda mrefu. Mtu aliyezima kifaa na kufungua kasha kwa bisibisi bado anaweza kuuawa. Kwa sababu hiyo mlaji asifungue kasha kwa hali yoyote, hata kwa nia ya kufuta vumbi.

Zima kifaa na uchomoe plagi mara moja ukiona au kusikia mojawapo ya haya:

1. Bamba lililo ndani ya valvu linawaka jekundu. Huo si mwanga mdogo wa kathodi katikati, ambao ni wa kawaida, bali ni chuma kizima kupata moto kupita kiasi.
2. Paku la rangi ya fedha ndani ya kioo limegeuka jeupe kama maziwa. Hiyo ni dalili kwamba hewa imeingia na valvu imekufa.
3. Harufu ya kuungua, moshi, au lami inayovuja kutoka kwenye transfoma.
4. Mshtuko wa umeme, hata mdogo, unapogusa kasha, kitasa au nyuzi za gitaa.

Mwanga hafifu wa buluu kwenye kioo cha valvu kubwa, kwa upande wake, mara nyingi hauna madhara.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile kilichoandikwa. Ikikatika tena, mwite fundi. Kufunga fyuzi kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kuondoa kinga ya mwisho iliyobaki kati ya hitilafu ndogo na moto wa nyumba.

Vifaa vya zamani sana huja na waya wa njia mbili, bila waya wa ardhi. Baadhi ya redio za valvu za zamani hazikuwa hata na transfoma ya umeme, na kasha lake la chuma la ndani liliunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kifaa cha namna hiyo kisitumike kabla hakijakaguliwa na fundi anayekifahamu. Amplifaya yenye transfoma na kasha la chuma iwekewe waya wa njia tatu na plagi yenye waya wa ardhi, na soketi ya ukutani ithibitishwe kwamba imeunganishwa na ardhi kweli.

Daftari la kifaa

Tunamshauri kila mmiliki awe na daftari moja dogo kwa kila kifaa cha thamani. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la kifaa, modeli, namba ya mfululizo, volti, tarehe na mahali kiliponunuliwa, na maneno ya muuzaji kuhusu hali yake. Kurasa zinazofuata ziandikwe tarehe ya kila ukaguzi, jina la fundi, vipuri vilivyobadilishwa, aina ya valvu na saa za matumizi kwa makadirio. Risiti zibandikwe humo humo, na vipuri vilivyotolewa fundi avirudishe kwako.

Daftari hilo lina faida tatu. Fundi mpya hatapoteza muda wako na fedha zako akirudia kazi iliyokwisha kufanywa. Siku ya kuuza, mnunuzi atakuwa na sababu ya kukulipa bei nzuri. Na mgogoro ukitokea, utakuwa na ushahidi mkononi. Warithi nao watajua kwamba kile kisanduku kizito si chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo.

Haki zako unaponunua

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi kwa namna ambazo zinafaa kukumbukwa dukani.

Kwanza, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kama risiti imeandikwa “amplifaya, volti 230, valvu mpya”, basi volti ziwe 230 na valvu ziwe mpya. Kama imeandikwa “amplifaya” tu, kazi yako ya kuthibitisha inakuwa ngumu. Mwombe muuzaji aandike.

Pili, ukimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi unayokusudia, na ukategemea ujuzi wake, kuna sharti kwamba bidhaa ifae matumizi hayo kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa hiyo usinyamaze. Sema, “Nataka kuitumia na spika hizi za omu 8, nyumbani kwangu, kwa umeme wa kawaida.” Ulinzi huu unahusu muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza chombo chake cha nyumbani, tahadhari yako iwe kubwa zaidi, na fundi awepo kabla ya malipo.

Tatu, ukishaikagua bidhaa, ni vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukaguzi wa haraka unaweza kukudhuru kuliko kukusaidia. Kagua kwa makini: washa, sikiliza kwa nusu saa au zaidi, tazama kila valvu, jaribu kila kitasa.

Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa zenye alama za kughushi. Maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” hayampi mtu yeyote ruhusa ya kudanganya. Dai risiti ya EFD kila mara. Kifaa kikiharibika mapema, acha kukitumia, usimruhusu fundi mwingine akifungue, piga picha, mwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachodai, na uhifadhi nakala. Asipokujibu au asipokuridhisha, wasilisha malalamiko yako kwetu pamoja na nyaraka hizo.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya imeandikwa nyuma yake “volti 100” lakini ina plagi ya miguu mitatu inayoingia kwenye soketi yako. Je, ni salama kuichomeka? Eleza sababu.
2. Muuzaji anasema valvu za ECC83 hazipatikani tena. Utamjibu nini?
3. Una Sh 1,500,000. Kwa kutumia mfano wa hesabu ya miaka 10, panga kiasi cha kununulia na kiasi cha kutunzia.
4. Taja mambo mawili utakayomwomba muuzaji aandike kwenye risiti, na ueleze kila moja litakusaidiaje mgogoro ukitokea.
5. Mtaje kwa jina fundi utakayempelekea kifaa chako. Kama swali hili bado huna jibu lake, ahirisha ununuzi hadi utakapolipata.